Afisi ya Mashtaka Isiwe Kituo cha Kubadilishia Gari

Kifungu cha 157 cha Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 kinasema kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma atahudumu kwa miaka minane, na kwamba miaka hiyo ikiisha hatateuliwa tena. Waliokwisha kuishika na kuiacha kazi hiyo chini ya Katiba hii ni wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyeifikia miaka minane. Bw Keriako Tobiko alianza Juni 2011, akaondoka mapema mwaka 2018 kwenda kuwa Waziri wa Mazingira. Bw Noordin Haji aliapishwa Machi 2018, akaondoka Juni 2023 kwenda kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ujasusi ya Taifa. Hawakufutwa kazi, wala hawakuugua. Wa kwanza aliitwa na Rais Uhuru Kenyatta, wa pili akaitwa na Rais William Ruto, na wote wawili wakaitika.

Nataka kuizungumzia safari ya huyo wa pili, kwani ndiyo yenye mengi ya kutufunza sisi walimu ambao kila mwaka twawasomesha wanafunzi juu ya mihimili ya serikali na uhuru wa afisi za umma, kisha twaulizwa maswali ambayo vitabu vya kiada havina majibu yake.

Bw Haji ni mwanasheria. Ni mwana wa marehemu Yusuf Haji, aliyepata kuwa mkuu wa mkoa, kisha Waziri wa Ulinzi, kisha Seneta wa Garissa. Yeye mwenyewe alianzia katika afisi ya Mwanasheria Mkuu kama wakili wa serikali, akahamia ujasusi, na huko akapanda ngazi hadi akawa naibu mkurugenzi aliyeshughulikia uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka. Kutoka huko ndiko alikotolewa mwaka 2018 akapewa jukumu la kuamua nani katika nchi hii ashtakiwe na nani asishtakiwe. Miaka mitano baadaye alirejea katika nyumba ile ile aliyotoka, safari hii akiwa ndiye mwenye nyumba. Waliomtangulia kukikalia kiti hicho, yaani Brigedia Wilson Boinett, Meja Jenerali Michael Gichangi na Meja Jenerali Philip Kameru, wote walitoka jeshini. Ni kiti kilichozoea watu wa kutoa amri na kupokea amri.

Wapo wasemao kwamba mtu aliyelelewa katika kambi au katika idara ya siri hafai kabisa kuongoza mashtaka. Mimi sikubaliani nao. Nidhamu ya askari si kitu cha kubezwa katika afisi ambayo adui yake mkubwa ni uvivu na hongo. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na marehemu Augustino Ramadhani, ambaye alikuwa mwanajeshi wa JWTZ hadi akafikia cheo cha brigedia jenerali, na papo hapo akawa mwanasheria aliyeheshimiwa: Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. (Mwaka 2015 alijitosa kuomba tiketi ya CCM ya kuwania urais, na hilo, kwa upande wangu, sikulipenda.) Marekani nako alikuwako Robert Mueller, aliyekuwa afisa wa kikosi cha majini katika vita vya Vietnam, akajeruhiwa, akatunukiwa nishani, kisha akasomea sheria na kuwa kiongozi wa mashtaka wa serikali kuu. Katika mwaka wa 1995, baada ya kuwa amekwisha kuiongoza idara nzima ya makosa ya jinai katika Wizara ya Sheria ya nchi yake, alirudi chini akawa kiongozi wa mashtaka wa kawaida tu, mwenye kushughulikia kesi za mauaji mjini Washington. Nawaomba wasomaji wajiulize ni mkubwa gani wa hapa kwetu waliyemwona akiteremka ngazi hivyo kwa hiari yake.

Kwa hiyo sina ugomvi na kule mtu alikotoka. Hata hivyo kuna tofauti ya kazi ambayo haifutiki kwa kula kiapo asubuhi moja. Jasusi hulipwa ili ajue, na akishajua humwambia mkuu wake, basi kazi yake imekwisha. Namna alivyojua ni siri yake. Kiongozi wa mashtaka naye, hata akijua usiku na mchana, kujua kwake si kitu mpaka athibitishe mbele ya hakimu, mlango wa mahakama ukiwa wazi, mshtakiwa akiwa anamtazama machoni na wakili wa mshtakiwa akiuliza kila karatasi ilipatikanaje. Jasusi hutii amri kutoka juu. Kiongozi wa mashtaka amekatazwa na Katiba kutii amri ya mtu yeyote: kifungu hicho hicho cha 157 chasema hahitaji idhini ya mtu kuanzisha kesi, na wala hayuko chini ya maelekezo ya mtu au mamlaka yoyote.

Tuliiona tofauti hiyo mapema. Mwaka wa kwanza wa Bw Haji ulikuwa mwaka wa vishindo. Waheshimiwa walikamatwa mbele ya kamera, aghalabu siku ya Ijumaa ili walale korokoroni hadi Jumatatu, na wananchi wengi, nami nikiwamo, tulishangilia. Agosti 2018 alikamatwa Naibu Jaji Mkuu, Bi Philomena Mwilu. Mei 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakayafuta mashtaka yake, wakisema ushahidi wa akaunti zake za benki ulipatikana kinyume cha sheria. Julai 2019 akashtakiwa aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Henry Rotich, kuhusu mabwawa ya Arror na Kimwarer. Desemba 2023, Bw Haji akiwa amekwisha kuondoka, Bw Rotich na wenzake waliachiliwa huru, na hakimu akaulaumu vikali upande wa mashtaka, kwani mashahidi waliletwa kizimbani na wengi wao wakaondoka bila ya kuulizwa la maana. Makelele ya kukamata yalikuwa makubwa kuliko subira ya kuthibitisha. Sisemi kwamba lawama yote ni ya mtu mmoja. Nasema kwamba kazi ya kukamata na kazi ya kushtaki zilichanganywa, na zikichanganywa ni ile ya kushtaki inayodhoofika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana mchanganyiko huo ni wa kale katika nchi yetu, na sisi wakazi wa Dandora twaujua kwa karibu kuliko wanaoandika vitabu.

Kesi nyingi za kijana anayekamatwa Dandora husikizwa katika mahakama ya Makadara. Ni kesi za bangi, za fujo, za kuzurura, za simu iliyopokonywa, na mara nyingine za wizi wa mabavu, ambao adhabu yake iliyoandikwa katika sheria ni kifo. Kwa miaka mingi, tangu enzi za mkoloni, aliyesimama pale kumshtaki kijana huyo alikuwa polisi. Alivaa sare ile ile ya waliomkamata. Wakubwa wake walikuwa wakubwa wao, na kupandishwa cheo kwake au kuhamishwa kwake kulitegemea idara ile ile ambayo faili yake alitakiwa aichunguze kwa jicho la haki. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ilimruhusu, ila kwa sharti kwamba asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi. Sharti hilo dogo nalo lilivunjwa kila siku, maana makoplo walikuwa wakisimama mahakamani na kushtaki watu mchana kweupe.

Ndipo mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu katika rufani ya Roy Richard Elirema na mwenzake. Majaji walisema kwamba kesi iliyoendeshwa na mtu asiyeruhusiwa na sheria si kesi. Ni batili tangu mwanzo. Baada ya hukumu hiyo rufani zilimiminika kutoka magereza mbalimbali, na wapo waliotoka kwa sababu tu aliyewashtaki alikuwa koplo. Baadhi yao huenda walikuwa na hatia. Waliodhulumiwa na wezi hao, wakiwamo watu wa mitaa kama huu wetu, waliona wevi wakirudi nyumbani. Hiyo ndiyo gharama ya kuichukulia kazi ya mashtaka kama kibarua ambacho yeyote mwenye mkanda na kofia aweza kupewa.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuyamaliza hayo. Ilimwondolea Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kushtaki ikampa mkurugenzi anayejitegemea, na katika miaka iliyofuata Bw Tobiko akawaondoa polisi mahakamani na kuajiri mawakili vijana. Ukienda Makadara leo utawaona, wamevaa suti nyeusi, kila mmoja na rundo la mafaili ambayo hajapata nafasi ya kuyasoma yote. Ni maendeleo makubwa, wala sitaki kuyapuuza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza darasani kama kiongozi wa mashtaka ni polisi, niliweza kumjibu kwa ujasiri kwamba la, si polisi tena. Akaniuliza, "Na mkubwa wao je, mwalimu?" Hapo nilihitaji muda wa kufikiri.

Maana tuliitoa sare mlangoni, ikaingia kwa dirisha la juu. Na mbaya zaidi ni kwamba dirisha hilo lina njia ya kutokea pia.

Waandishi wa Katiba hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu anayengoja kuteuliwa tena humwogopa mteuzi, ndiyo maana wakasema miaka minane basi. Walijua pia kwamba mtu anayeweza kufukuzwa ovyo humwogopa anayefukuza, ndiyo maana kifungu cha 158 kinataka malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Utumishi wa Umma, tume iridhike, na jopo maalumu liundwe kabla ya mkurugenzi kuondolewa. Wakazuia asisukumwe nje. Hawakukumbuka kuzuia asivutwe nje. Na mwenye kumvuta ni Rais, ambaye serikali yake, mawaziri wake na marafiki zake ndio ambao mafaili yao huenda yako juu ya meza ya mkurugenzi huyo.

Tutazame yaliyotokea. Julai 2021 Bw Rigathi Gachagua, wakati huo akiwa mbunge wa Mathira, alishtakiwa kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 7. Uchaguzi ukafanywa Agosti 2022, na Septemba akaapishwa kuwa Naibu wa Rais. Novemba 2022 kesi yake ikaondolewa mahakamani kwa ombi la afisi ya Bw Haji, mpelelezi wa kesi hiyo akiwa ameapa kwamba alishurutishwa na aliyekuwa mkurugenzi wa upelelezi, Bw George Kinoti, kuiharakisha. Katika kipindi hicho hicho kesi nyingine za watu wa upande ulioshinda ziliondolewa pia. Miezi sita baada ya kesi ya Bw Gachagua kuondolewa, Mei 2023, Rais alimpendekeza Bw Haji kuongoza ujasusi.

Naomba nieleweke vizuri. Hakuna aliyethibitisha kwamba jambo moja lilikuwa malipo ya jingine, nami sithubutu kusema hivyo. Huenda ni kweli kwamba kesi hiyo ilipikwa na polisi tangu mwanzo. Ikiwa ni hivyo, kuiondoa kulikuwa ni wajibu, ingawa swali linabaki ni kwa nini ilikubaliwa kuingia mahakamani mwaka 2021. Huenda Bw Haji aliteuliwa kwa sababu ndiye aliyeufahamu ujasusi kuliko wote waliokuwapo. Yote hayo yawezekana. Neno langu ni kwamba sisi wananchi hatuna njia ya kujua, na sheria ilivyo haitupi njia hiyo. Hata mkurugenzi mwadilifu kabisa, akiondoa kesi ya mkubwa kwa sababu safi, kisha akapewa cheo na serikali ya mkubwa huyo, ataishi na shaka ambayo hawezi kuifuta. Sheria iliyo nzuri humlinda mtu mwema dhidi ya shaka ya namna hiyo.

Na haki haitaki tuyafiche mazuri. Oktoba 2022, majuma machache kabla ya kuondolewa kwa kesi ile, ni Bw Haji huyu huyu aliyeidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa makosa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu kutokana na vurugu za uchaguzi wa 2017, ikiwamo ile kesi ya mtoto mchanga Samantha Pendo, aliyeuawa Kisumu. Lilikuwa jambo zito. Mkuu wa mashtaka aliyetoka katika vyombo vya usalama aliwageukia watu wa vyombo vya usalama. Nilipolisikia nililisifu darasani, na ningali nalisifu.

Lakini fikirieni lingekuwa na uzito gani zaidi kama mtu huyo angebaki na faili hiyo hadi Machi 2026, miaka yake minane ilipokuwa ikamilike. Badala yake, miezi minane baadaye alikuwa amerejea upande ule mwingine wa meza, mahali ambapo polisi na majasusi ni wenzake wa kazi ya kila siku.

Hili ndilo linalotugusa sisi wa Eastlands kuliko habari za mabwawa na mabilioni. Katika mitaa yetu vijana wamepigwa risasi na polisi, na mama zao wameandika taarifa. Sheria ya 2011 ilitupatia mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, nayo huchunguza. Ikimaliza kuchunguza haina uwezo wa kumpeleka afisa kizimbani; hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yeye ndiye mwenye kuamua. Mzazi wa Dandora aliyempoteza mtoto hana mahali pengine pa kubisha. Ikiwa anayefungua mlango huo alikuwa jana na huenda atakuwa kesho mkuu wa chombo cha usalama, mzazi huyo ana haki ya kuuliza faili ya mtoto wake inasomwa kwa macho ya nani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nchi hii haina wasomi wengi kiasi cha kuwafungia nje walio hodari, na kwamba hata huko Marekani Mueller alitolewa katika mashtaka akateuliwa na Rais kuongoza upelelezi mwaka 2001. Ni kweli. Ila viongozi wa mashtaka wa wilaya za Marekani huteuliwa na Rais na huweza kuondolewa naye apendavyo. Hawajawahi kudai kwamba wako huru kama sisi tulivyoandika kwamba wetu yuko huru. Tena Mueller alipomaliza miaka kumi katika kazi yake mpya mwaka 2011, ilibidi sheria maalumu ipitishwe ili aongezewe miwili. Sisi tuliandika miaka minane na watu wawili wakaiacha njiani bila ya Bunge kuuliza hata swali moja la maana juu ya miaka iliyobaki. Wabunge waliomhoji Bw Haji mwaka 2023 walikuwa wakimpima kwa kazi anayokwenda. Ile anayoiacha haikuwa na mtetezi katika chumba hicho.

Kuhusu uhaba wa wasomi, jibu langu ni fupi. Mawakili wa nchi hii ni maelfu, na Idara ya Ujasusi ina maafisa wake wa ngazi za juu. Haiwezekani kwamba kila Rais akimtafuta waziri au mkuu wa ujasusi, mtu pekee anayefaa awe ni yule aliyeshika mafaili ya kesi za wakubwa.

Ninachopendekeza ni kifungu kimoja tu: kwamba aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma asikubali kazi yoyote ya kuteuliwa na Rais mpaka ipite miaka mitano tangu alipoiacha afisi hiyo, isipokuwa ujaji, ambao hupitia Tume ya Huduma za Mahakama. Akichoka na aondoke. Aende kufundisha chuo kikuu, au afungue afisi yake ya uwakili, au arudi kwao kufuga. Wengine watasema kifungu hicho kitawatisha watu wazuri wasiombe kazi. Mimi naona kitawatisha wale wanaoitaka kwa ajili ya kazi ifuatayo, na hao tungefurahi kuwakosa.

Bw Renson Ingonga, wa tatu katika orodha hii, aliingia afisini Septemba 2023. Miaka yake minane inafikia Septemba 2031, na katikati yake uko uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, ambao baada yake, kama ilivyo kawaida, serikali itakayoundwa itakuwa na vyeo vingi vya kugawa. Kifungu hicho kiandikwe kabla ya uchaguzi huo.